Nyumba Chini ya Bluu

Mtoto wa kaka yangu ni mchoraji, lakini ukimwona kazini utadhani anapiga lipu. Anapaka, anakwangua, anapaka tena. Nilimwomba jambo moja tu: anichoree bonde letu lilivyokuwa kabla ya kufunikwa na bwawa. Waliozaliwa kule wote wamekwisha, nimebaki mimi. Nikifa, nyumba ya mama haitakuwa popote, hata kichwani mwa mtu.

Basi kila Jumamosi nikawa nakaa chumbani kwake, namwelekeza.

"Mlima gani huo wa zambarau? Umeuona wapi?"

"Shangazi, ulisema jioni ulikuwa mwekundu, asubuhi wa bluu. Nimepaka rangi moja juu ya nyingine."

"Haya bwana. Ila nyumba isogeze. Hapo ni mtoni kabisa, mama angeoga bila kutoka kitandani!"

Akacheka, akaifunika kwa rangi nyepesi, akaweka doa jeupe, ndiyo nyumba, pale niliponyooshea kidole. Jumamosi iliyofuata nikaona amekosea tena. Nikafoka. Akahamisha. Ikawa ndiyo kazi yetu, mimi kufoka, yeye kuhamisha. Nikasema moyoni, mtoto huyu hasikii.

Jana akaniita, picha imekwisha. Nikaingia, nikakuta bluu tupu kutoka mlimani kushuka chini.

"Nyumba iko wapi?"

"Chini ya maji, shangazi. Si ndivyo ilivyo sasa?"

Damu ikanichemka. Nikanyakua kitambaa chake chenye tapentaini ya kufutia rangi, nikaanza kuisugua ile bluu kabla haijakauka. "Nimekupa nyumba ya mama yangu, nawe unaizamisha mara ya pili!"

"Shangazi, acha, tafadhali!"

Niache wapi! Doa jeupe likatokea, nikashusha pumzi. Nikasugua pembeni, likatokea jingine. Kisha jingine karibu na mto. La nne likajitokeza chini ya mlima.

"Ya kweli ni ipi?"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile sikuitaka. "Zote umenionyesha wewe. Kila ulipokuja, ilikuwa mahali pengine."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje kukuambia? Nilisema labda utakumbuka."

Nikakaa. Nikayatazama yale madoa moja moja, nikingoja moyo ushtuke kwenye moja. Ulishtuka kwenye yote. Nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi, mbele ya mtoto niliyembeba mgongoni. Akachukua brashi ayafunike, nikamshika mkono.

"Yaache. Nipe rangi ya njano."

Mama hakuwa akilala mpaka wa mwisho wetu arudi. Alisimama mlangoni na taa yake, anatuita. Nikaweka tone la njano kwenye kila nyumba, zote nne, maana sikujua amesimama mlango upi.