Koti la Erisa

Mume wangu alishinda jaribu Mbale, na ushindi wake ukamng'oa mwanamke mwingine meno mawili. Ndugu wa wokovu husimulia habari hiyo kwa nyimbo. Mimi nitaisimulia bila kuimba.

Mwaka 1994 Erisa alikuwa akimfanyia kazi Mzee Dhirajlal, mwenye duka hapa Jinja. Kila Alhamisi alitumwa Mbale kuagiza maharage, akalala huko, akarudi Ijumaa. Sisi walokole hatulali gesti. Msafiri hulala kwa ndugu wa wokovu. Erisa alikuwa akilala kwa Lillian, aliyewahi kuwa jirani yetu Walukuba kabla ya kuhamia Mbale na mama mkwe wake na binti yake mdogo, Juliet. Mumewe, Sajini Ignatius, alibaki hapa Jinja, kwenye kambi ya jeshi ya Kimaka. Hakuwa ameokoka. Alikuwa na wivu, na mkono mwepesi.

Ijumaa moja Erisa alirudi bila koti lake la kijivu, lile la harusi yetu. Aliketi kitandani akalia. Alisema mama mkwe alikuwa ameenda msibani, Lillian akamshika koti, naye akamwachia akakimbia, kama Yusufu alivyomkimbia mke wa Potifa.

Kwetu jaribu halifichwi, hata ulilolishinda. Jumapili unasimama mbele ya ndugu na kulitoa nuruni. Lakini waweza kusema "dada mmoja" ukaketi, na hakuna atakayekudai jina. Erisa alilijua hilo, ndiyo maana akaniuliza, "Mama Emma, nitaje jina?"

Hapo likaja jaribu langu. Nilimjua Ignatius na nilijua atakachofanya. Nilijua pia kwamba Lillian ana sauti nzuri na shingo ndefu, na kwamba mume wangu alikuwa akinyoa ndevu kila Alhamisi. Wivu uliniwaka kifuani.

"Nuru haina nusu," nikamwambia. "Taja."

Akataja. Ndugu wakamkumbatia, mzee Dauda akamwita Yusufu wa Busoga, nami nikaimba hadi sauti ikakauka. Walukuba hadi Kimaka ni mwendo wa boda tu. Jioni ile Ignatius alikuwa na habari yote, tena imeshatiwa chumvi.

Jumatatu akapanda basi. Alimpiga Lillian uani, mchana kweupe, mama mkwe akimshikilia Juliet asimkimbilie mama yake. Alimnyoa kichwa kwa wembe mkavu. Kisha akamchukua mtoto, akampeleka kwao Lira. Walokole wa Mbale wakamtenga Lillian mpaka atubu. Alipokataa, wakasema ana kiburi.

Wiki tatu baadaye akabisha mlangoni kwangu, asubuhi, Erisa akiwa dukani. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, na mkononi alishika koti la kijivu, limefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Hii koti ya bwana yako," akasema. Maneno yalipita kwa shida kwenye pengo la meno. "Ilibaki kwa kiti. Alivua yeye mwenyewe, akakaa kwa kitanda yangu. Mimi nilimusukuma nje, nikafunga mlango. Akabisha, akaniomba sana. Sikufungua."

"Kwa nini hukuwaambia ndugu?"

"Niliwaambia wote. Wakaniuliza, kama haukumushika, koti ilibaki namna gani?" Akanitazama. "Mama Emma, wewe wanakuamini. Simama Jumapili, sema tu. Meno sitaki. Mimi nataka Juliet."

Nililikunjua koti. Koti lililong'ang'aniwa na mtu anayekimbia hukatika vifungo. Hili lilikuwa na vyote vitatu, hata kile cha katikati, nilichokishikiza kwa uzi mbovu asubuhi ile Erisa alipokuwa akiwahi basi la Mbale. Nilimwamini Lillian papo hapo, na nilimchukia kwa kunifanya nimwamini.

"Nenda kwa amani, dada," nikasema. "Nitasema."

Jumapili nilisimama. Erisa alikuwa benchi la mbele. Siku hiyohiyo walikuwa wamemchagua kuwa kiongozi wa ushirika. Alitazama mikono yake. Nikafikiria watoto wanne, nyumba, na macho ya wanawake walioanza kunisalimu kwa kupiga magoti. Nikafungua kinywa.

"Namsifu Bwana," nikasema, "kwa mume aliyeshinda." Nikaketi. Ndugu wakaanza kuimba.

Tulipotoka, Lillian alikuwa amesimama nje, chini ya dirisha. Alikuwa amesikia kila kitu. Aligeuka akaenda zake, na tangu siku hiyo sijamwona tena.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Erisa imefika Iganga, Tororo, hata Soroti. Kila mahali humwita akasimulie alivyokimbia. Husimulia akiwa amelivaa koti lile. Wakimuuliza alilipataje tena, husema yule mwanamke alitubu akalirudisha. Nasikia Juliet ameanza shule Lira, na ameambiwa mama yake alikufa.

Mimi ndiye ninayelipiga koti pasi kila Jumamosi. Mara ya kwanza tu nilipolipitishia pasi, kifungo cha katikati kilidondoka chenyewe. Nilikiokota nikakishona tena, safari hii kwa uzi imara.