Maharagwe Tisa Hadi Mtoni

Jumanne, tarehe ishirini na tatu Aprili, mwaka wa elfu mbili ishirini na nne, saa nne asubuhi, gari la wagonjwa lilifika ng'ambo ya mto wetu likasimama. Dereva alikuwa ameambiwa na ofisi kuna daraja. Hakukuwa na daraja. Mimi nilikuwa upande huu, nimemshika mke wangu Nyakerario kichwa, damu inamtoka, tukiliona lile gari kama mtu anavyoona mvua ya kijiji kingine. Dereva akageuza, akazungukia njia ya juu. Alipofika alikuta marehemu.

Hata hayo ningeyameza. Lakini wakubwa wakaandika ripoti: daraja lipo, mume ndiye aliyechelewa kumtoa mgonjwa. Bonareri, dada yake Nyakerario, akaisoma. Tangu siku hiyo hakunisalimia.

Nikaenda kwa Machogu, msimamizi wa wadi yetu ya kaunti. Akanionyesha ramani. Kutoka banda la kupimia majani chai, mita mia tisa upande wa kusini-mashariki, daraja.

"Mzee Ogoti, mto ni mrefu. Labda wewe unatafuta kwingine."

"Nimezaliwa kwa huo mto."

"Umepima?"

Sikuwa nimepima. Niliishia darasa la nne. Watu wa kalamu wanajua mahali pa kukushika.

Angwenyi, anayefundisha watoto wa Pathfinder, skauti wa kanisa letu, alinipa dira. "Weka panga mbali, mzee, chuma kinavuta sindano." Akapima mita mia kwa kamba pale kwenye mteremko, nikatembea, nikihesabu kila mguu wa kulia unapogusa chini. Sabini na mbili. Akaniambia kila sabini na mbili ikiisha, nihamishe haragwe moja kutoka mfuko wa kushoto hadi wa kulia.

Mara ya kwanza kupima kutoka bandani niliharibu mwenyewe, Machogu akiangalia. Huku kwetu huwezi kumpita mtu bila salamu. Ukiambiwa "Bwakire" unajibu, kisha unaulizwa watoto, ng'ombe, na ule mguu wako uliokuwa unauma. Wachumaji chai sita walinisalimia. Kufika haragwe la nne sikujua kama niko thelathini au hamsini. Machogu alicheka mpaka akashikilia kichaka cha chai.

"Daraja halijapotea, mzee. Aliyepotea ni wewe."

Alhamisi iliyofuata alikubali kuja tena, nadhani kwa hamu ya kucheka. Safari hii Angwenyi alikuja kushika dira, mimi nikafunga mdomo. Wachumaji wakanisalimia, nikapita.

"Ujane umemfanya jeuri," mmoja akasema.

Kwa haragwe la saba tukakutana na Bonareri, kikapu mgongoni. Akasimama, akaniangalia sana.

"Bwakire, Ogoti."

Mwaka mzima nilikuwa nikiingoja salamu hiyo. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Nikampita.

"Hata salamu ulizika naye?" akasema nyuma yangu.

Machozi yalinitoka, hesabu haikunitoka.

Haragwe la tisa lilihama nikiwa katikati ya matete, maji yamenifika kwenye viatu. Angwenyi akaangalia dira, akasema ni hapa. Ng'ambo nako matete, na ng'ombe wa jirani Nyasani wanakunywa. Hakuna jiwe lililopangwa, hakuna nondo, hakuna hata ubao.

Machogu hakucheka. Alisema yeye hulinda karatasi tu, zinatoka juu.

Bonareri alikuwa ametufuata, nafikiri aje kunitukana vizuri. Aliangalia mto. Akaangalia ramani mkononi mwa Machogu, akainyakua. Yeye amesoma. Kidole chake kikashuka mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo ambayo Machogu hakuwahi kunisomea, akayasoma kwa sauti: mkaguzi wa serikali ameweka sahihi kwamba alifika mahali hapa, akalikagua daraja, akalivuka kwa miguu.

Akaniangalia mimi. Kisha akamgeukia Machogu, sauti imekauka.

"Huyu mtu wenu, alipovuka, alikanyaga nini?"