Mzigo Usiopokewa Njiani

Mwanahalima alipomwambia mumewe kwamba safari hii akienda Ziwani hatafikia kwa Kondo, Kitwana aliacha kutafuna korosho akamtazama. Kondo alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Mwanahalima, mtu mwenye nyumba ya mabati na kitanda cha ziada, na kila alipokwenda huko ndiye aliyekuwa mwenyeji wake. Sasa anataka kufikia wapi? Mwanahalima, bila kuinua uso kutoka kwenye ukili aliokuwa akisuka, alijibu kwamba atafikia kwa Mboni.

"Mboni huyu aliyeolewa na Matano baada yako?"

"Ndiye."

"Akikufukuza?"

"Nitarudi na mzigo wangu. Miguu ninayo."

Ndivyo alivyokuwa. Wengine wa Msimbu wakifika mtoni huuliza kina. Mwanahalima hukunja kanga akaingia. Lakini jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Binti yake Mwanamvua, aliyemzaa kwa Matano na kumwacha huko akiwa na miaka mitatu talaka ilipotoka, alikuwa amewekwa ndani, na Ijumaa angetolewa mwali. Na desturi ya Ziwani ni kwamba wanaoingia chumbani kumvika mwali nguo mpya ni wanawake waliolala nyumba ile usiku wa kuamkia siku hiyo. Waliolala kwingine, hata kama mmoja wao ndiye aliyemzaa, husimama uani na wageni wakapiga vigelegele.

Mgeni. Neno hilo ndilo lililomkaa kooni. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekwenda Ziwani mara tatu, na mara zote tatu mtoto aliletwa kwa Kondo kuonyeshwa. Akaamkia, akakaa ukingoni mwa mkeka, akala wali wake kwa adabu. Mara ya mwisho alimwinamia mke wa Kondo akamnong'oneza, akidhani hasikiki, "Mgeni anaondoka lini?" Mwanahalima alisikia. Iliuma, na hakuacha kuumia, ila hakumlaumu mtoto. Anayefikia kwa jirani ni mgeni, na mtoto alisema alichokiona.

Basi safari hii alijipanga. Vita vilikuwa vimekwisha na nguo zimeanza kurudi madukani, ila kwa foleni. Alisimama asubuhi nzima mbele ya duka la Mhindi hapo Kisarawe mpaka akapata doti moja ya kanga. Aliikunja chini kabisa kwenye kapu, juu yake akaweka mchele pishi mbili na nazi nane, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, kisha akamfunga jogoo kwenye mpini. Salamu za kuja alizituma kwa Kondo peke yake. Kwa Mboni hakutuma kitu. Alijua kwamba ukibisha hodi kwa salamu, unaweza kufukuzwa kwa salamu pia.

Siku ya Jumatano alipanda gari moshi Pugu akashuka Ruvu. Kondo alikuwa akimngoja na baiskeli yake, amevaa kanzu safi, na kabla hata ya kuulizana hali alinyoosha mikono kulipokea kapu. Mwanahalima akarudi hatua mbili nyuma.

Hapo yafaa mtu aelewe. Watu wa Ziwani wana jambo lao moja, na asiyelijua hujitia matatani: anayekupokea mzigo ndiye mwenyeji wako. Ukishautua, umefikia. Kuuinua tena uende nao kwa mwingine ni kumtukana aliyekupokea, na watu watalisema jambo hilo mpaka mvua za mwaka wa pili.

Mwanahalima alimweleza ndugu yake yote kwa upole, kapu likiwa kichwani. Kondo alisikiliza, akaitazama baiskeli, akamtazama jogoo.

"Dada, watu watasema huna ndugu hapa."

"Waambie ninaye, na ndiye aliyenisindikiza."

Wakaenda. Mwendo wa saa nzima, mwanamke na kapu kichwani, mwanamume pembeni akisukuma baiskeli tupu. Waliokuwa wakipalilia mpunga waliinuka kutazama, na mmoja akamuuliza Kondo kama baiskeli inaumwa. Kondo alinuna. Alikuwa mtu mwema, lakini hakuna mtu mwema apendaye kuchekwa na mashamba mawili kwa mpigo. Alijaribu tena penye mwembe, akajaribu tena kwenye tope, akitaja kitanda, akitaja mabati, akitaja chai ya maziwa. Shingo ya Mwanahalima ilikuwa imeanza kuwaka moto, na jogoo naye hakuwa akitulia, lakini alisema hapana mara zote, bila kupandisha sauti.

Walipofika kandokando ya ziwa, Kondo alikata tamaa akashika njia ya nyumbani kwake. Mwanahalima akapita peke yake mbele ya nyumba ya jumbe, ile iliyoelekea maji, yenye banda ambamo hulala mabwana shamba wakija kukagua pamba. Hakuna mahali pa kulala pazuri kuliko hapo Ziwani kote: upepo wa maji, mbu wachache, na kambale wa asubuhi hiyohiyo. Bi Saburi, mke mkubwa wa jumbe, alikuwa barazani. Naye alinyanyuka, mikono mbele.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwanahalima, akisimama mbali kidogo. "Nisamehe sijapiga magoti. Nitarudi kukuamkia vizuri nikishatua."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda kutua kwa nani?"

Alipoambiwa, Bi Saburi hakucheka. Alishusha mikono yake, akasema kwamba tangu mwali awekwe ndani Mboni amekonda, hali vizuri, halali vizuri. Amesikia kwa watu kwamba mama aliyezaa anakuja kumchukua binti amwoze huko Msimbu. Kisha bibi akaongeza kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na Mboni amefanya kazi.

Mwanahalima aliondoka hapo na mwendo mwingine. Njia nzima alikuwa akihesabu yeye atakayonyimwa. Haikumpitia hata mara moja kwamba huko anakokwenda kuna mtu anayemwogopa. Lile neno alilolipanga tangu Msimbu, la kudai haki yake kwa kuwa tumbo ni lake, akalitupa majini.

Nyumba ya Matano ilikuwa imejaa wanawake. Matano mwenyewe alikuwa amehamia kwa kaka yake, kwani nyumba yenye mwali haina nafasi ya mwanamume. Waliokuwa wakitwanga waliona nani anakuja, wakaacha kutwanga. Mboni alikuwa amekaa kwenye kibao akipaa perege, kisu mkononi. Hakusimama.

Kijiji kizima kilimwita mama Mwanamvua. Mwanahalima peke yake, miaka yote kumi na mmoja, hakuwahi kulitamka jina hilo kwa mtu mwingine. Lilikuwa lake. Mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na Mwanamvua ndiye wake wa kwanza. Lakini huko Msimbu walikuwa wakimwita mama Salumu, kwa mtoto waliyemwona. Alipokuwa akimtaja Mboni alisema "yule" au "mkewe Matano", akaona inatosha.

Alisimama penye ukingo wa ua. Shingo ilikuwa ikitetemeka sasa, na kila mtu aliiona.

"Hodi," alisema. "Hodi kwa mama Mwanamvua."

Perege mmoja aliteleza kutoka kwenye ungo akaanguka mchangani, na Mboni hakumwokota.

"Umefikia kwa nani?" aliuliza Mboni hatimaye. Ni swali wanaloulizwa wapita njia.

"Sijafikia kwa mtu. Mzigo si huu hapa, bado ninao. Kondo ameutaka, bibi wa jumbe ameutaka. Ukiupokea wewe, nitalala. Usipoupokea, gari moshi la kurudi lipo kesho. Na ukiupokea, Jumapili nitaondoka na kapu tupu, peke yangu, kama nilivyokuja."

Mboni alikiweka kisu chini. Alijifuta magamba kwenye kanga yake, mkono huu, kisha mkono huu, taratibu, akasimama. Alikuwa mfupi kuliko alivyomkumbuka. Ilibidi Mwanahalima apige magoti ili mwenziwe alifikie kapu, na Mboni akalishika kwa mikono miwili akalishusha, akaguna kwa uzito wake.

"Umelibeba hivi tangu Ruvu?"

"Tangu Ruvu."

Kutoka chumbani, nyuma ya pazia, sauti ya msichana ilisikika, ndogo, kwa sababu mwali hatakiwi kupaza sauti. "Mama, mgeni ni nani?"

Mwanahalima alikuwa bado amepiga magoti mchangani. Jibu lilimjia mdomoni, akalifungia humo.

"Hakuna mgeni," alisema Mboni, akielekea ndani na kapu, jogoo akipiga mabawa. "Ni mama yako. Anataka maji ya kuoga."