Mhudumu wa Meza ya Nyuma

Moshi ulianza kupanda kutoka kwenye shati la mwalimu, na Dobi, ambaye kwa miaka kumi na mitano hakuwahi kuunguza hata leso, hakuunusa. Mkono wake ulikuwa juu ya pasi. Macho yake yalikuwa kwenye televisheni iliyotundikwa juu ya kaunta.

"Shati!" mwenye duka alipiga kelele. "Wewe mama, unaunguza nguo ya watu!"

Mwenye duka huyo wateja walimwita Mzee Wanga, kwa jinsi alivyopenda kukaza kola kwa wanga, ingawa wapo wenye ndimi ndefu waliodai jina lile lina sababu nyingine. Alichomoa waya wa pasi ukutani. Dobi hakugeuka.

"Rudisha nyuma," alisema.

"Nini?"

"Hicho kichekesho. Rudisha nyuma, Mzee wangu, nakuomba."

Mzee Wanga alikuwa na ugonjwa wa vichekesho. Asubuhi aliweka cha Mexico, cha mama mkwe anayejificha kabatini. Akimaliza hicho, cha Uingereza, cha majirani wanaogombania ua kwa adabu mpaka unawaonea huruma. Mchana ndipo ilipofika zamu ya kile alichokipenda kuliko vyote, cha Uturuki, cha ndugu wawili wenye mkahawa mmoja na wasiosemezana. Lugha hizo hakujua hata moja, na maandishi ya chini yalikimbia kuliko macho yake. Alisema mtu akitumbukia kwenye supu hahitaji mkalimani.

Akabonyeza rimoti. Mwenye upara akateleza tena, supu ikaruka tena, watu wasioonekana wakacheka tena. Nyuma yake, kwenye meza ya mwisho, mhudumu mwenye sinia aliinua bega la kushoto, akajifutia nalo jasho la shavuni. Akauma mdomo. Akashindwa kujizuia, akacheka.

"Huyo," Dobi alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Mzee Wanga aliisimamisha picha, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Juu ya jicho la mhudumu kulikuwa na kovu. Dobi alilijua lilikotoka: yeye ndiye aliyemsukuma mwenzake ngazini, yeye akiwa na miaka tisa, mwenzake sita.

"Si Kitinda huyu?" Mzee Wanga alinong'ona. Akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu bila kuangalia anakalia nini.

Kitinda, mdogo wa mwisho wa Dobi, alikuwa marehemu kwa miaka kumi na moja. Alikuwa msaidizi wa mpishi kwenye meli ya mizigo; meli ikazama, jina lake likasomwa kwenye orodha, mwili usionekane. Walimlia bila kaburi. Mzee Wanga mwenyewe alibeba viti vya waombolezaji.

"Pengine hiki kipindi ni cha kale," alisema, "kabla ya meli."

Wakasubiri hadi mwisho. Majina yakapanda, na chini yake kabisa ukatokea mwaka. Dobi alihesabu kwa vidole, akarudia, jibu likawa lile lile. Kipindi kilitengenezwa miaka saba baada ya meli kuzama.

Furaha ilikuja, kweli ilikuja, lakini ilikuja imeshikana mkono na kitu kichungu.

"Yu hai," Dobi alisema. "Na hajapiga simu."

"Nenda kwa mama yako," Mzee Wanga alisema. "Mwalimu akija nitamwangukia kuhusu shati lake, halafu nitamwomba atuandikie barua kwa wenye kipindi. Nenda, usikimbie barabarani."

Njia nzima Dobi alipanga maneno. Mama yake alikuwa mtu mzima, na habari njema nayo huua. Alimkuta kwenye kiti chake, mbele ya kichekesho cha Korea. Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu mwaka uliopita: kichekesho cha nchi hii, kichekesho cha nchi ile, na hacheki hata kimoja. Lakini ole wako upite mbele ya kioo. Majirani walisema uzee umemrudisha utotoni.

"Mama, zima kidogo. Nina habari. Kaa vizuri."

"Nimekaa tangu asubuhi. Sema."

"Nimemwona Kitinda."

Mama hakupiga ukelele. Hakushika hata kifua.

"Wapi?" aliuliza. "Kwenye ule mkahawa?"

Dobi alitafuta ukuta kwa mkono, akauegemea.

"Ulijua?"

"Mwaka jana nilikuwa natafuta taarifa ya habari, nikabonyeza vibaya. Nikamwona mwanangu amebeba vikombe."

"Na ukanyamaza! Mwaka mzima, Mama!"

"Ningesema nini? Aliyekufa watu humsamehe. Aliye hai akakaa kimya, watamla nyama kila kikao." Mama alisugua magoti yake. "Nikasema, ngoja nimtafute kwanza mwenyewe. Aliyeonekana kwenye kimoja anaweza kuonekana kwenye kingine. Mimi siwaangalii wanaochekesha. Naangalia walio nyuma yao."

Dobi alifungua mdomo agombe. Kilichotoka kilikuwa kilio. Alipotulia akamweleza habari ya barua.

"Andikeni," Mama alisema. "Lakini msimgombeze. Mwambieni matanga tulishayaanua zamani." Akamgeukia bintiye. "Macho yangu yana ukungu siku hizi. Wewe umemwona vizuri. Amekonda?"

"Hapana. Mashavu yamejaa."

"Na shati? Limepigwa pasi?"

Dobi alisita. "Kola imekunjamana, Mama."

Mama aliinua kiganja, akakipitisha hewani polepole, mara mbili, kama mtu anayemnyooshea mtoto kola kabla hajatoka mlangoni.