Midomo ya Msasi

Mfupa ulikuwa umepasuka vipande vitatu, na nyama iliyouzunguka ilikuwa nyeusi kwa damu iliyoganda. Muhiddin aliugeuza tena juu ya ubao wa kukatia, akauinamia, akaunusa. Lilikuwa paja la kulungu, zawadi ya rafiki yake Vuai, lakini mfupa ule haukumkalia kama mfupa wa mnyama aliyepigwa risasi. Aliuona kama mguu uliogongwa na gari.

"Risasi haivunji hivi," alimwambia mkewe.

"Wewe risasi umeipiga lini?" Zuwena akamuuliza, huku akiendelea kumenya vitunguu. "Na hayo maneno umekwishamwambia nani?"

"Mtu mmoja tu. Msikitini."

"Mtu mmoja hapa Kilburn ni watu mia, Muhiddin."

Vuai alikuwa mtu wa Makunduchi, mwana wa msasi, mwindaji wa paa, na mjukuu wa msasi. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akila sinia moja na Muhiddin. Siku za kazi aliendesha gari la mikate. Jumamosi za msimu alikwenda Essex, kwenye shamba la mzungu mmoja ambaye miche yake ilimalizwa na kulungu. Huko alipanda dungu lililoegemezwa mtini, akakaa juu kama mlinzi wa mpunga, bunduki magotini, akavizia. Nyama aliigawa nyumba kwa nyumba, na Wazanzibari wanaoishi ugenini Kilburn waliila bila kuuliza. Mnyama wa risasi ni halali akitajiwa jina la Mungu wakati wa kufyatua. Aliyefia barabarani ni mzoga, hata ukimsomea msahafu mzima.

Na hitima ya arubaini ya mama yake Muhiddin ilikuwa Jumapili. Bibi yule aliusia kwa kinywa chake mwenyewe: "Hitima yangu msiwalishe watu ng'ombe wa buchani. Mwambieni Vuai." Kuvunja wasia wa mama ni aibu. Kuwalisha watu sitini mzoga kwa jina la mama ni aibu na dhambi juu yake. Muhiddin hakulala vizuri wiki ile.

Hakuzaliwa na shaka. Mwaka wa Mapinduzi baba yake alichukuliwa nyumbani kwao Malindi, mjini Zanzibar, kwa neno la jirani, mtu aliyekuwa akila kwao kila Ijumaa, na hakurudi tena. Tangu siku ile, kabla Muhiddin hajayasikia maneno ya mtu, huitazama kwanza midomo yake.

Akampigia simu Vuai. "Jumamosi nichukue na mimi. Nataka kuona."

Vuai akacheka. "Mtu wa mjini, dunguni? Haya, njoo. Lakini huko hata chafya hazipigwi."

Asubuhi ile ya Oktoba walipanda ngazi ya miti, wakabanana juu ya mbao mbili zenye umande. Baridi ilimpenya Muhiddin mpaka kwenye fizi. Mbele yao palikuwa na uwanja wa nyasi, na ng'ambo ya pili msitu ulioanza kupukutisha majani.

"Yupo dume mmoja," Vuai alinong'ona. "Pembe yake ya kushoto imekatika. Misimu mitatu ananichezea shere. Nikija kushoto, yeye kulia."

Muhiddin akawaza kwamba mnyama asiyepatikana ni kisingizio kizuri kwa mtu anayeokota nyama njiani. "Na bado nyama huikosi?" akauliza.

"Naikosa mara nyingi, bwana. Nikirudi mikono mitupu nyinyi hamnioni."

Jibu lilikuwa zuri mno, na uzuri wake ndio uliomtia wasiwasi zaidi.

Saa moja na nusu hivi, dume akatokea. Hakutoka msituni, alikuwepo tu, kana kwamba alikuwa amesimama pale muda wote na wao ndio waliochelewa kumwona. Mkubwa, shingo nene, pembe moja nzima na nyingine kigutu. Vuai akainua bunduki taratibu, akaweka shavu kwenye kitako cha bunduki.

Muhiddin hakumtazama kulungu. Aliitazama midomo ya Vuai. Ilikuwa imefungwa kama mdomo wa gunia lililoshonwa. Akangoja itikisike, haikutikisika. Kidole kikaanza kujikunja juu ya kifyatulio.

"Bismillahi!" Muhiddin akapiga kelele.

Nyasi zikabaki peke yake. Hata kishindo cha kwato hawakukisikia.

Vuai alishusha bunduki, akaifunga usalama, akailaza magotini. "Nilikuwa nimekwishaisema," akasema.

"Midomo haikufunguka."

"Baba alinifundisha kuisema kwa ulimi, midomo imefumbwa. Paa anasikia hata mate ukiyameza." Akamgeukia. "Yule wa buchani kwenu, umewahi kumsikia akiisema?"

"Ana cheti ukutani."

"Mimi sina ukuta, Muhiddin."

"Na lile paja? Ule mfupa?"

"Nilimpiga begani, akaruka seng'enge, mguu wa nyuma ukanasa." Vuai akamtazama usoni. "Unaniamini?"

Muhiddin alitaka kusema ndiyo. Lakini akaitazama kwanza midomo yake. Kabla neno halijatoka, Vuai alikuwa ameshaanza kushuka ngazi.

Jumapili watu walisoma, wakamaliza, masinia yakaletwa. Ilikuwa pilau ya ng'ombe wa buchani; lile paja halikupikwa. Mzee mmoja aliifunua kwa vidole, akainusa, akatabasamu. "Ng'ombe? Afadhali, jamani. Tulikwishaanza kuogopa."

Wengine wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa kuwa Vuai alikuwa amekaa karibu na mlango, amevaa kanzu nyeupe. Muhiddin aliinamia sinia lake. Alilijua neno lile lilikotoka. Aliliachia yeye msikitini, nalo limerudi likiwa na watoto.

Vuai hakuinuka. Alisogea kwenye sinia la Muhiddin, akakunja mkono wa kanzu, akamtazama machoni. Kisha akafungua kinywa, akasema "Bismillahi" kwa sauti ya mtu anayemwita aliye mbali. Akala matonge matatu, hakuongeza la nne.

Alipokwisha kunawa, akainua mikono kumwombea marehemu. Safari hii midomo yake ilifungwa, haikutikisika hata kidogo. Muhiddin akaitazama, akaitazama tena. Halafu akafumba macho, akaitikia amina kwa dua asiyoisikia.