Kura Tano kwa Nne Juu ya Kuzaliwa kwa Elias

Elias Zihalirwa hakuwa na koti. Hakuwa na baiskeli, hakuwa na shangazi, hakuwa na meno mawili ya juu upande wa kushoto, wala hakuwa na shamba hata la kutosha kumzika kuku. Hakuwa na picha yoyote ya utoto wake. Hakuwa na sauti ya kuimba, jambo ambalo kwa Mkongo wa kanisani ni kama ulemavu. Zaidi ya yote hakuwa na baba. Kwenye kitambulisho chake, mahali pa jina la baba, karani fulani wa zamani alikuwa amepiga mstari mrefu ulionyooka, kama mtu anayefurahia rula mpya.

Upungufu huo wote aliubeba kwa miaka thelathini na moja bila kunung'unika. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyerehani hapo Nyamugari, mjini Gitega, kwenye baraza ya mzee Waziri, mshonaji wa kanzu, na cherehani hakimuulizi mtu baba yake ni nani. Shida ilianza siku Merveille alipofika kutoka Mwakiro, kule Muyinga, akiwa amebeba kichwa cha cherehani cha kanisa ndani ya kitenge.

"Iko inaruka mishono," alisema. "Inashona kidogo, halafu inasahau."

"Kama watu," alisema Elias.

"We utaitengeneza ama utaihubiria?"

Ilikuwa kazi ya saa moja. Elias aliifanya kwa wiki tatu, na Merveille alikuja kuiulizia kila wiki, ingawa safari ni ndefu na simu anayo. Mara ya tatu wote wawili walijua kwamba cherehani kimepona zamani.

Baba yake Merveille, mzee Namegabe, alikuwa Mkongo aliyekuja kama mkimbizi, akatulia Mwakiro akiuza maharage, na sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazee wa kanisa. Alituma neno kwamba kijana aje Jumamosi na baba yake. Kama baba amekufa, aje baba mdogo. Kama hakuna baba mdogo, aje yeyote mwenye damu ya baba. Posa ya upande wa mama peke yake haitapokelewa.

Elias alimwendea mama yake, Mama Nabintu, akamkuta anamenya mihogo. Tangu utoto wake, kila alipouliza habari za baba, alijibiwa maneno mawili tu: "Mungu alinipa." Safari hii hakukubali.

"Mama, Mungu alikupa kupitia nani?"

Mama Nabintu alimenya muhogo mmoja mpaka mwisho kabla ya kujibu. "Alikuwa dereva wa lori ya simenti. Asubuhi moja akasema anaenda kununua mkate."

"Halafu?"

"Halafu nini? Bado sijaona mkate."

Hivyo mzee Waziri ndiye aliyejitolea. "Nitakwenda mimi," alisema. "Nimesimama kwenye posa arobaini, na hakuna hata moja iliyorudi nyumbani mikono mitupu." Alikuwa amelelewa Kigoma, Kiswahili chake kilinyooka kama kanzu iliyopigwa pasi, na Jumamosi hiyo alivaa kofia yake ya sherehe kuanzia alfajiri.

Hapa ni lazima nieleze desturi. Kwenye posa za kwetu msemaji haruhusiwi kusema wazi kilichomleta. Husema amepotelewa na ndama, au anatafuta mbegu. Msemaji wa upande wa pili humjibu kwamba hapa hakuna ndama. Watu hucheka, hunywa, na binti huletwa. Anayesema moja kwa moja huonekana hakulelewa. Lakini kamati ya Mwakiro, watu tisa waliookoka kwelikweli, ilikuwa imepitisha mwaka uliotangulia, kwa maandishi, kwamba uongo wa posa nao ni uongo, na kwamba tangu siku hiyo kila neno litakalosemwa kwenye posa litahesabiwa kuwa ushuhuda. Hakuna aliyemweleza Waziri.

Yeye na Elias walipokelewa vizuri. Kamati nzima ilikuwa imeketi kwenye mabenchi ya kanisa yaliyohamishiwa uani, kila mmoja na fanta yake. Msemaji wa upande wa binti alikuwa Valentin, mwalimu wa shule ya Jumapili, na kando yake katibu alishika kalamu.

Waziri alisimama, akakohoa kistaarabu. "Jamani, sisi tumepotelewa na ndama. Nyayo zake zimetuleta mpaka hapa."

Wazee wawili waliinuka papo hapo wakaenda kumtafuta nyuma ya nyumba. Walikaa huko muda mrefu. Waliporudi walisema ndama hayupo, na wakatoa pole. Waziri akadhani amekutana na mabingwa wa utani, akafurahi sana.

"Bon," alisema Valentin. "Baba ya kijana iko wapi?"

Waziri aliitazama kamati yote kwa tabasamu. "Baba? Nyinyi, watu wa Biblia, ndio mnaoniuliza baba? Isa mwana wa Mariamu alikuwa na baba gani? Sisi Waislamu pia tunakiri hivyo, tena tuna sura nzima yenye jina la mama yake. Basi na kijana wetu ni wa namna hiyo hiyo. Mama yake yupo. Mengine anayajua Mungu."

Akangoja kicheko. Hakikuja. Kilichosikika ni kalamu ya katibu ikiandika, na sauti yake akijisomea taratibu: "Kijana... ni wa... namna hiyo hiyo."

"Mzee," Elias alinong'ona, akivuta kanzu ya Waziri, "hawa watu hawachezi."

"Usiniharibie. Wanajizuia tu."

Kabla fanta hazijaisha, habari zilikuwa zimezunguka Mwakiro. Mwanamke mmoja aliingia uani akimvuta mbuzi aliyekuwa hataki kula.

"Mguse tu, mutumishi," alimwambia Elias.

"Mama, mi ni fundi wa vyerehani."

"Basi usimuguse. Umuangalie."

Elias alimwangalia, kwa kuwa kumwangalia mbuzi si dhambi. Kesho yake mbuzi alizaa watoto wawili. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, tumbo lilikuwa linakaribia kugusa chini, lakini mtu akishaamua kuona muujiza huwa haangalii kalenda.

Siku ya Jumatano barua ya kamati ilifika Gitega ikiwa na mhuri. Ilisema kwamba baada ya maombi na baada ya kupiga kura, ndiyo tano na hapana nne, kamati imekubali kwamba ndugu Elias Zihalirwa alizaliwa bila baba wa duniani. Anaombwa kutia sahihi chini ya maneno hayo na kuirudisha barua kabla ya Jumapili. Hapo posa itahesabiwa imepokelewa.

Elias bado alikuwa ameishika wakati Valentin alipopiga simu.

"Umepata? Alors, tia sahihi, ndugu yangu! Unajua kura ya tano ni ya nani? Ya mzee Namegabe mwenyewe! Mkwe asiye na baba, ile ni aibu. Mkwe wa muujiza, ile ni sifa. Watu watakuja mpaka toka Karuzi."

"Na nisipotia?"

"Iko kijana moja wa Muyinga mjini anangojea. Baba yake iko. Babu yake iko. Hata baba ya babu iko. Wote wanakohoa, lakini wako."

"Merveille anasema nini?"

"Merveille hakuwa na kura."

Ikasikika mikwaruzo, kisha sauti nyingine ikaishika simu. "Elias? Ni mi. Sikia. Sitaki kuolewa na Yesu wa pili. Wa kwanza ananitosha. Lakini ukikataa, andika kitu chenye baba atasoma mpaka mwisho, sababu kawaida anaishiaga kwa salamu." Na simu ikakatika.

Elias aliiweka barua juu ya meza ya cherehani, akaitazama. Sahihi moja tu, na Merveille angekuwa wake. Hata uongo wenyewe haukuwa wake. Ulikuwa tayari umepigiwa kura na kugongwa mhuri. Kilichobaki ni wino.

Waziri alikuwa ameinamisha kichwa. "Kijana wangu, nimekutia matatani. Nilitania kitu ambacho mimi mwenyewe nakiamini. Mariamu hakuguswa na mtu. Hilo silichezei, na siku ile nililichezea."

"Mzee, kwenu lina maana gani?"

"Ni ishara ya uwezo. Mungu akitaka jambo huliambia liwe. Adamu hakuwa na baba wala mama, na hatukumwita kitu zaidi ya Adamu. Sisi tunaishia hapo. Nyinyi mnaendelea mbele. Mnaendelea mpaka wapi, hebu nifundishe."

Elias aliketi mbele ya meza. Kila Jumapili tangu utoto alikuwa amesema maneno ya imani, "akazaliwa na bikira Mariamu", kama mtu anayepita mbele ya kibao cha duka bila kukisoma. Sasa alilazimika kukisoma. Alichukua karatasi, akachukua kalamu ya kuchorea vitambaa kwa kuwa nyingine hakuwa nayo, akaandika mchana wote. Aliandika barua nne, akazichana tatu. Ya nne ilianza hivi, bila salamu:

"Mzee Namegabe, siwezi kutia sahihi. Baba yangu alikuwa dereva wa lori ya simenti. Alikwenda kununua mkate na hakurudi. Mstari ulio kwenye kitambulisho changu ni pengo lililoachwa na mtu aliyekimbia. Kwa Yesu hakuna pengo. Pale pasipo na baba wa duniani, Mungu mwenyewe alikuwa amekuja. Mimi sina baba kwa sababu mtu aliondoka. Yeye alizaliwa vile kwa sababu Mungu alifika. Mambo haya mawili yanafanana kwa mtu anayetazama kutoka mbali tu.

"Tena malaika alizungumza na Mariamu, naye akajibu, na iwe kwangu kama ulivyosema. Mama yangu hakuna aliyezungumza naye. Aliambiwa habari za mkate.

"Mkinihesabu mimi, itabidi muwahesabu wote waliokimbiwa. Mtaa wetu peke yake utakuwa na wakombozi kumi na wawili, na wawili kati yao wako jela. Hapo lile la Bethlehemu litakuwa limepotea, na sisi tutakuwa tumerudi kwenye kujiokoa wenyewe kwa kura tano kwa nne. Nilivyoelewa mimi leo, maana yake ni hii: Mwokozi hatukumtengeneza sisi. Hakuna ukoo wa mwanamume unaoweza kusema huyu ni kazi yetu. Tulipewa. Na alipokuja hakujifanya mtu. Alikuwa na mama, alinyonya, alifungwa nepi. Jambo kama hilo lilitokea mara moja, na mimi sitaliiba ili nipate mke, hata kama mke mwenyewe ni Merveille. Mbuzi alikuwa na mimba."

Alimsomea Waziri. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Mimi na wewe hatutakubaliana yote humo," alisema. "Lakini umeandika kama mwanamume. Sasa niambie, yule mume wa Mariamu mnayemtaja nyinyi, yeye alifanya nini?"

"Yusufu? Mtoto hakuwa wa damu yake. Alimchukua tu. Akampa jina, akamfundisha kazi."

"Huyo kwetu hatajwi. Lakini nimempenda." Waziri alivuta karatasi. "Kukuandika kuwa ni mwanangu siwezi, dini yangu hairuhusu kubadilisha nasaba. Lakini niandikie hivi: Mimi Waziri, mshonaji, nimempa kijana huyu kazi na nafasi kwenye baraza yangu tangu akiwa na miaka kumi na minne. Akikosa adabu, njooni kwangu. Akipata watoto, waleteni kwangu." Akatia sahihi kubwa, yenye mkia.

Ilibaki ruhusa ya mtu mmoja. Elias alikwenda nyumbani, akamsomea mama yake taratibu. Alipofika kwenye lori ya simenti, aliishusha karatasi. Huko Mwakiro kila barua inayomfikia mwenyekiti wa kamati husomwa mbele ya watu wote.

"Mama, ukisema niyafute maneno haya, nitayafuta."

Mama Nabintu aliepua sufuria ya ugali. "Miaka yote nilisema Mungu alinipa. Sikukuwa nadanganya."

"Najua."

"Mungu alinipa. Lakini ule alienda." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Acha yabaki. Mi nimechoka kungojea mkate."

Karatasi zote mbili, yake na ya Waziri, zilitiwa kwenye bahasha ya zamani, gundi yake imekauka. Mama Nabintu alichota ugali kidogo kutoka kwenye sufuria, akaupakaza kwenye ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia tena pembeni ili isifunguke njiani. Asubuhi yake, siku ya Alhamisi, Elias aliipeleka stendi, akamkabidhi dereva wa basi la Muyinga, akamwonyesha jina: Mzee Namegabe, Mwakiro.

"Iko na nini ndani?" aliuliza dereva.

"Maneno tu."

Dereva aliichomeka juu ya kioo cha mbele, akawasha gari. Elias alibaki amesimama, hana koti, mpaka basi lilipokata kona ya kuelekea Karuzi.