Bati la Upande wa Barabarani

Mwaka 1953 lilibandikwa tangazo kwenye ukuta wa soko la Shinyanga: chumba kinapangishwa, nyumba ya bati. Mwanaima, mshonaji kutoka Tabora, alikichukua kwa sababu ya hilo bati, maana alikuwa na vitambaa vya harusi ya watu na mawingu ya mvua yalishaanza kujikusanya.

Kwa mbele nyumba iling'aa mpaka macho yakauma. Alipofika chumbani kwake, upande wa nyuma, akainua uso akaona nyasi. Kupitia tundu moja, kunguru alimchungulia.

"Shikamoo, Mzee Pantaleo. Bati langu liko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hukuliona? Wapita njia wote wanalisifu."

"Liko juu ya sebule yako!"

"Nyumba ni moja," mwenye nyumba akasema kwa upole. "Likiwa mbele, na wewe wa nyuma umo."

Mwanaima alibeba cherehani yake ya mkono na vitambaa, akavitua katikati ya sebule.

"We mama! Hapa nalala mimi!"

"Nyumba ni moja, Mzee. Tusibaguane."

Adhuhuri wanawake sita wa ile harusi walijaa humo wakipimwa viuno, wakimwamuru Mzee Pantaleo atazame ukutani. Alitazama mpaka shingo ikakakamaa. Mwishowe akakunja mkeka, akahamia chumba cha nyuma. Mvua nayo ikashuka.

"Inavuja!" akapiga kelele.

"Basi ezeka, Mzee," Mwanaima akajibu, akizungusha cherehani. "Mimi nina harusi Jumamosi."